Chakula cha Matumbawe ya Nikhil

Katika nyumba ya Mzee Dhirajlal pale Makole, Dodoma, hata paka hakupewa nyama. Alipewa chapati iliyolowekwa kwenye maziwa, akaila kwa adabu, kisha akaruka ukuta kwenda kwa majirani kula kama paka wenzake. Mzee alilijua hilo na akalifumbia macho, maana mambo ya upande wa pili wa ukuta hayakumhusu. Kilichomhusu ni kizingiti chake. Tangu enzi za baba yake, aliyelifungua lile duka la vitambaa mbele ya nyumba, kizingiti hicho hakikuwahi kuvukwa na nyama, samaki wala yai. Majirani waliotaka kuazima kikaango cha kukaangia samaki walikuwa wanajua kwamba hapo hawakipati ng'o.

Na ndani ya nyumba hiyohiyo Nikhil, mtoto wa pekee wa mzee, akaenda kuiweka bahari.

Ilikuwa bahari kweli, ndani ya tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, pale sebuleni, ukuta unaotazamana na rafu ya miungu. Nikhil alikuwa anafundisha kemia chuoni, kule Chimwaga, na kila alichokipata alikimwaga mle tangini: taa za buluu, pampu, chumvi maalumu iliyokuja kwa mifuko kutoka Dar es Salaam. Maji ya bomba ya Dodoma yana uchumvi wake, ule unaokataa kutoa povu la sabuni, lakini huo haukufaa. Ilibidi kwanza ayachuje mpaka yasiwe na ladha yoyote, ndipo ayatie chumvi upya. Baba yake alipoona kituko hicho, mtu kutoa chumvi ili atie chumvi, alicheka mpaka akafuta macho. Kisha matumbawe yakaja, yanaelea kwenye mifuko ya maji, yakapangwa juu ya mawe, na mzee akaacha kucheka. Akawa anavuta kiti na kukaa mbele ya kioo kila akifunga duka.

"Yanakula nini?" aliuliza jioni ya kwanza.

Nikhil alimwonyesha zile taa za buluu. "Mwanga, Bapuji. Yanakula mwanga."

Haukuwa uongo mtupu. Mengi ya matumbawe yale yaliishi kwa mwanga wa zile taa kama mimea inavyoishi kwa jua. Lakini yalikuwepo mengine, ya rangi ya chungwa lililoiva, ambayo Nikhil aliyapenda kuliko yote, na hayo aliyabandika chini ya mwamba, kivulini. Mwanga hayakuwa na shida nao. Yalifunguka kama maua, kila ua na mdomo wake katikati, na kila mdomo ulitaka kulishwa kamba wa baharini waliokatwakatwa, kwa bomba la sindano, mdomo baada ya mdomo. Usipolishwa, unakufa njaa. Mzee Dhirajlal, ambaye angeweza kukutajia kitambaa cha pamba na cha kuchanganya kwa kukipapasa tu akiwa amefumba macho, hakujiuliza hata siku moja kitu kilichokaa kivulini kinakulaje mwanga. Alitaka kuamini, akaamini. Wateja wakawa wanasimuliwa, wapende wasipende, kwamba nyumbani kwake kuna viumbe watakatifu kuliko Baniani yeyote, viumbe wasiong'oa hata jani ili waishi.

Aliyejua ukweli ni Joha, mpishi wa nyumba ile tangu Nikhil akiwa wa kubebwa mgongoni. Kamba walikaa kwenye friji ya Joha, kwake Nzuguni. Alikuja nao asubuhi ndani ya kikopo kilichofichwa mkobani, na Nikhil akayalisha matumbawe wakati baba yake yuko dukani anapima vitambaa. Wenyewe waliona ni mchezo usiomdhuru mtu. Walikuwa wakipishana ukumbini na kukonyezana.

Kisha Nikhil akaumwa. Ulianza uchovu, akausingizia mitihani ya wanafunzi. Ikafuata michubuko mwilini ambayo hakukumbuka alijigonga wapi, na asubuhi moja damu ya puani ikakataa kukatika. Hospitalini wakapima, wakapima tena, wakasema ni saratani ya damu, na kwamba alazwe siku hiyohiyo. Alichowahi kufanya nyumbani ni kufungasha nguo chache na kumkabidhi Joha lile bomba la sindano.

"Bi Joha, tafadhali. Mzee asijue."

"Nenda ukapone wewe," Joha akamwambia. "Haya mengine niachie."

Siku hiyo Mzee Dhirajlal aliporudi kutoka hospitalini hakula. Aliwasha taa ya samli mbele ya miungu, akapiga magoti yaliyokuwa yanamuuma miaka mingi, akaweka nadhiri. Hakuna kiumbe kitakachokufa ndani ya nyumba hii, wala kilichokufa kwingine hakitaingizwa humu, mpaka Nikhil arudi kwa miguu yake mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hakubali kutoka bila risiti, aliomba dalili. Yale maua ya rangi ya machungwa aliyokuwa anayapenda mwanawe yakiendelea kufunguka, atajua nadhiri imepokewa.

Ndilo kosa alilolifanya. Angeomba dalili ya mvua, ya ndege, ya ndoto, ingempata au ingemkosa, mambo yangeisha. Yeye akaiweka dalili yake palepale kwenye kile kikopo cha Joha.

Nadhiri aliishika kufa na kupona. Mbu walimuuma, akawapeperusha kwa kitambaa kama anayefukuza wageni asiotaka kuwaudhi. Dawa ya mende ikatolewa nje. Siafu walipoingia jikoni, Joha alikatazwa kuwamwagia maji, akapika siku nzima huku akinyanyua mguu mmoja baada ya mwingine na kutukana kimoyomoyo. Na kila jioni mzee alivuta kiti mbele ya tangi, akainama kuchungulia chini ya mwamba, akayaona maua yamefunguka, yamenenepa, yanapepea. Hapo machozi yalimtoka bila aibu.

Nikhil aliambiwa habari za nadhiri wiki ileile ya kwanza. Baba yake alimsimulia akiwa ameushika mguu wake kupitia shuka.

"Hakuna kitakachokufa kabisa, Bapuji?"

"Kabisa."

"Hata kilichokufa kwingine kisiingie?"

"Hata hicho. Mpaka urudi kwa miguu yako."

Nikhil alijua kile kikopo cha Joha kinaingia nyumbani kila asubuhi. Angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini alimwona baba yake, macho mekundu, shingo imejaa uvimbe wa mbu, na usoni ana kitu ambacho hakikuwepo siku ile daktari alipotamka jina la ugonjwa. Kilikuwa tumaini, na ndicho peke yake kilichokuwa kinamsimamisha. Nikhil hakuwa na roho ya kukigusa.

"Sawa," akasema. Kisha, "Yale ya machungwa yamefunguka?"

"Yamefunguka."

Tangu hapo ndiyo ikawa salamu yao. Mzee akiingia wodini, kabla ya habari za usiku, kabla ya homa na sindano, Nikhil anauliza kama yamefunguka, na mzee anajibu kwamba yamefunguka. Na kweli yalikuwa yamefunguka. Na kweli Nikhil alikuwa anapata nafuu. Damu ilikuwa inapanda kidogo kidogo, akaanza kula, akaanza kumtania muuguzi. Daktari akasema hali ikiendelea hivi wataanza kufikiria kumruhusu apumzike nyumbani.

Mzee Dhirajlal hakurudi dukani siku hiyo. Alinunua nazi ya kuipasulia miungu na kilo nzima ya sukari ya kutengenezea halua, akaingia nyumbani kwa mlango wa uani ili amshtue Joha kwa habari njema. Akamkuta amesimama juu ya kigoda, mkono umezama tangini mpaka kwenye kiwiko. Sebule nzima ilikuwa inanuka. Harufu ile mzee aliijua, ingawa maisha yake yote alikuwa akiipita sokoni huku ameziba pua.

"Joha. Unafanya nini?"

Joha hakuutoa mkono haraka, maana mdomo mmoja ulikuwa umeshaanza kumeza. "Nalisha, Baba Nikhil."

"Unalisha nini?"

"Kamba."

Mzee aliiweka nazi juu ya meza. Iliviringika, akaishika, akaiweka tena. "Tangu lini?"

"Tangu yalipokuja. Alikuwa anayalisha mwenyewe, sasa kaniachia mimi. Haya ya machungwa hayajui mwanga, Baba Nikhil. Yanakula nyama. Hakukuambia, alijua utayakataa."

"Humu ndani. Mbele ya miungu."

"Sikuua mimi. Wamekuja wamekufa."

"Na nadhiri yangu uliisikia."

"Niliisikia." Joha alishuka kwenye kigoda, akajifuta mkono kwa khanga. "Nikasema nikiacha yatakufa, na kufa humu ndani nako umekukataza. Nikaona bora yaendelee kula. Tena tazama, wakati wote huo mtoto alikuwa anapata nafuu. Kama ingekuwa na ubaya, angepata nafuu?"

"Alipata nafuu kwa sababu nilikuwa sijui," alisema mzee. "Sasa najua."

Hakumfukuza. Miaka mingi ile huwezi kuifukuza kwa mchana mmoja. Alimwambia kesho aje kupika kama kawaida, ila kile kikopo kisivuke tena kizingiti, na Nikhil asiambiwe lolote.

"Yatakufa," Joha akasema.

"Hayatakufa. Yatakula tunachokula sisi."

Na ndivyo alivyofanya. Alisaga dengu, akazichekecha kwa kitambaa chembamba kutoka dukani, akakoroga kwa maziwa mpaka zikawa kama uji wa mtoto mchanga, akavuta kwenye bomba la sindano. Alipiga magoti mbele ya tangi, akaelekeza ncha kwenye mdomo wa kwanza. Mdomo ukapokea, ukatafakari, ukatema. Akajaribu karanga zilizopondwa. Zikatemwa. Akajiambia hata Nikhil alikuwa anatema uji mwanzoni, na mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa na subira akampa tena, akampa tena, mpaka akazoea. Basi akayapa tena.

Tumbawe si mtoto. Dengu zilizotemwa zilitua juu ya mawe, maziwa yakasambaa, na bahari ya Nikhil ikaanza kuwa na ukungu. Kwanza ulikuwa mwembamba, ungedhani ni kioo kimechafuka. Kisha maji yakawa kama ya kuoshea mchele, yakatoa povu na harufu. Yale matumbawe yaliyokuwa kweli yanaishi kwa mwanga, ambayo hayakumwomba mtu chakula, ndiyo yaliyotangulia. Yalipauka, nyama ikayamomonyoka, yakabaki mifupa ya mawe. Ya machungwa yalijikunja, yakafunga midomo.

"Baba Nikhil, maji yameoza," Joha alisema.

"Yatatulia."

Aliyejua dawa ya maji yale alikuwa kitandani hospitalini, na kumuuliza ilikuwa kukiri kila kitu. Mzee hakumuuliza. Na hapo, kana kwamba kuna mtu alikuwa anasubiri, homa ikamrudia Nikhil. Damu ikashuka. Midomo ikapasuka vidonda, akawa anakunywa maji kwa kijiko. Madaktari wana maelezo yao ya mambo hayo na yalikuwa maelezo ya kweli. Mzee aliyasikiliza yote kwa heshima bila kuamini hata moja, maana yeye alikuwa ameshajua sababu.

"Yamefunguka?" Nikhil aliuliza, macho yamefumba.

"Yamefunguka."

Uongo ulimkaa vizuri kuliko alivyotegemea. Akawa anautia na nakshi: leo lile la pembeni limeota ua jipya, leo yamefunguka mapema. Nikhil alitabasamu kila mara. Mzee akitoka wodini alikuwa anaegemea ukuta wa ukumbi kwanza, ndipo aweze kutembea.

Pale ukumbini ndipo daktari alipomkuta, akamvuta pembeni. Alikuwa kijana mpole, akaongea taratibu. Dawa zimeacha kufanya kazi. Nyingine walizonazo mwili hauziwezi tena. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

"Mgonjwa ni mtu mzima, mzee wangu, na anauliza," daktari alisema. "Ana haki ya kujua."

"Atajua. Nitamwambia mimi mwenyewe. Ninyi msimwambie."

"Lini?"

"Nitamwambia," mzee akarudia. Ilikuwa wazi kwa wote wawili kwamba hatamwambia.

Alirudi Makole kwa miguu, jua la mchana linamchoma utosini na vumbi linamwingia machoni. Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya tangi. Alipiga magoti, akachungulia kivulini. Chini ya mwamba lilibaki shada dogo la machungwa, limesinyaa mpaka mifupa inachomoza. Midomo michache ilikuwa bado na uhai, imefumbwa, ina rangi ya kutu.

Nadhiri ilikuwa ya kumrudisha Nikhil kwa miguu yake. Nikhil hatarudi kwa miguu yake. Mzee alikaa sakafuni na hesabu hiyo mpaka ikamwingia. Hakukuwa na kitu cha kulinda tena ndani ya nyumba ile. Roho ilimuuma, na katikati ya maumivu hayo ilimjia fikra moja tu nyepesi, kwamba maua anayoyaulizia mtoto kila siku yasife kabla yake.

Akaenda jikoni. "Joha. Unao?"

Joha hakuuliza nini. "Ninao."

Hakuwahi kuacha kuja nao. Kila asubuhi aliwatoa kwenye friji, akawaacha na mkoba wake kwa jirani, na jioni akawapitia. Basi akaenda kuwachukua. Kwanza wakabadilisha maji, wawili hao, ndoo kwa ndoo, Joha akichanganya chumvi kama alivyomwona Nikhil akifanya. Maji yalipotakata, Joha akanyoosha mkono kuchukua bomba la sindano.

"Nipe mimi," alisema mzee.

Kikopo alikifungua mwenyewe. Kamba aliwamenya na kuwakatakata mwenyewe, nyama laini na baridi ikamtelezea vidoleni, akameza mate machungu, akaendelea. Akavuta vipande kwenye bomba la sindano, akaelekeza ncha kwenye mdomo wa kwanza. Mdomo ulikaa kimya. Kisha, polepole, ukavuta kipande ndani. Mzee aliona njaa tu pale, njaa ya kawaida kama ya paka wake, na akauonea mdomo huo huruma kuliko alivyowahi kumwonea kiumbe yeyote aliyemdhania mtakatifu. Aliulisha mdomo uliofuata, na uliofuata. Aliendelea hivyo siku kadhaa, akirudi kutoka hospitalini moja kwa moja mpaka kwenye kigoda, na mchana mmoja akayakuta maua manne au matano yamefunguka kabisa, yanapepea majini, yana rangi ya chungwa lililoiva kama zamani.

Alinawa mikono kwa sabuni na ndimu, akavaa shati safi, akaenda hospitalini anakaribia kukimbia. Alikuwa na kitu cha kumpelekea mwanawe.

Nikhil alikuwa amelazwa ubavu, mifupa ya mabega imechomoza. Alisikia nyayo, akazijua.

"Yamefunguka?"

"Yamefunguka," alisema mzee. Wiki nyingi alikuwa amelisema neno hilo kwa uongo, na sasa lilipotoka la kweli lilikuwa na sauti tofauti. Nikhil alifumbua macho.

"Yote?"

"Machache." Mzee alivuta kiti. Alijiona hana nguvu za kudanganya tena, tena hakuona sababu. "Mengine yamekufa, mwanangu. Nisamehe. Najua kila kitu, nilimkuta Joha. Nikawa nayalisha dengu."

"Dengu?"

"Na maziwa."

Midomo yenye vidonda ya Nikhil ikatanuka. Alikuwa anacheka, bila sauti, na mzee alipoona anacheka akafurahi, akamalizia haraka zawadi yake. "Lakini sasa yanakula vizuri. Nayalisha kamba. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Kicheko kilikaa usoni mwa Nikhil kidogo, kikaondoka. Aliutafuta mkono wa baba yake juu ya shuka, akauvuta mpaka puani, akaunusa. Ndimu ilikuwa imeshindwa.

"Nyumbani kwetu?" aliuliza.

"Nyumbani kwetu."

"Na nadhiri?"

Mzee Dhirajlal akaanza kuinyoosha shuka. Nje ya dirisha watu waliokuja kuwaona wagonjwa walikuwa wanaulizana njia ya kwenda wodi ya wazazi.

"Kwa hiyo daktari ameshakuambia," alisema Nikhil.

Hapo ndipo mzee alipoona alichokifanya. Neno lile la daktari alikuwa amelifungia kila mlango. Alimziba mdomo daktari, alijiziba mwenyewe, kisha akalibeba kwenye vidole vyake na kulileta mpaka kitandani. Alitaka kusema hapana. Alifungua kinywa, na kinywa kilichokuwa kimezoea uongo wiki zote zile kikakosa hata mmoja.

Nikhil alianza kulia kama anavyolia mtu asiye na maji mwilini, uso unakunjamana na macho makavu. Mkono wa baba yake hakuuachia.

"Ungeendelea tu na dengu, Bapuji," alisema.